Radhi ya Asiyeridhia

Apitaye katika kata za Bunia, awe ateremka kutoka Mudzi-Pela au akatiza Nyakasanza kuelekea sokoni, hakosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa zisizolingana, ya kwamba nyumba hii haiuzwi; na pengine maneno hayo yamerudiwa kwa Kifaransa, asije mtu akatoa udhuru kuwa hakuyafahamu. Mgeni hustaajabu, kwani huko alikotoka kitu kisichouzwa hakihitaji kunadiwa kuwa hakiuzwi. Mwenyeji hastaajabu, kwa sababu ajua kwamba maandishi yale hayamsemeshi mshitiri peke yake, bali zaidi yamsemesha ndugu: aghalabu aliyeshika brashi ni mmoja katika warithi, na anayezuiliwa ni mrithi mwenziwe, ambaye wenzake wachelea asije akapokea fedha za arubuni gizani na kutokomea. Walakini ipo karatasi moja isiyousoma ukuta huo, nayo ni amri ya mahakama. Parseli ikiwa imewekwa rehani, muda ukapita na deni lisilipwe, jaji aweza kuamuru iuzwe kwa mnada, na rangi ile nyekundu ikawa mali ya mnunuzi pamoja na matofali yaliyopakwa.

Hapo ndipo lizukapo suali ambalo mawakili hulipita mbio kwa kuwa wana kazi za watu mikononi, na ambalo mashekhe na mapadri wangefaa walikalie kitako. Kuuza ni tendo la radhi. Kurani imeifunga biashara halali na sharti la kuridhiana, na sheria za Wazungu nazo, tangu za Warumi hata mkusanyo wa Napoleon wa 1804, zimesimama juu ya nguzo hiyo hiyo. Basi nyumba inapouzwa, na huku mwenyewe yu mlangoni asema siuzi, ni nani aliyeuza? Na ikiwa wenyewe ni wanne, mmoja ndiye aliyekopa, na watatu hawakuuonja mkopo hata kidogo, radhi ya hao watatu imetoka wapi?

Sidhani kama yuko aliyelikabili suali hilo kwa ujasiri kumshinda Imamu Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka wa 150 wa Hijra, yaani 767 wa Miladi. Yeye alikuwa mfanyaji biashara ya hariri katika mji wa Kufa, akayajua madeni ya sokoni kabla ya kuyafundisha msikitini. Na rai yake ilikuwa kwamba mtu huru, baleghe, mwenye akili timamu, hauziwi mali yake na kadhi kwa nguvu. Kadhi amwamuru alipe. Akikataa ilhali anacho, amtie kifungoni, akae humo hata auze kwa mkono wake mwenyewe. Lakini asiutwae ulimi wa mtu yule akasema kwa niaba yake, nimeuza. Msomaji wa leo ataona ni ajabu kwamba aliyeona haya kumuuzia mtu nyumba hakuona haya kumfunga. Lakini tukizingatia tutaona hoja ilivyo kali: kifungo huuminya mwili na kuiacha nia ya mtu mahali pake, ilhali mauzo ya nguvu huuacha mwili ukitembea na kuifuta nia, yakamfanya mtu mzima kuwa sawa na mtoto au mwendawazimu ambaye watu humsemea. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf, aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, na Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, walimkhalifu. Waliona kuwa mdai naye ni mtu, na kuwa haki yake haiwezi kungoja hata mkaidi achoke na kuta za gereza. Mahakama za leo zimefuatana na wanafunzi, zikamwacha mwalimu. Mimi nami nafuatana na wanafunzi. Ila sipendi kuiona hoja ya mwalimu ikifukiwa kana kwamba haikupata kusemwa, maana kila mnada wa mahakama ungali unaijibu, hata kama dalali haijui.

Mafakihi wa Kishafii, ambao Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi ilikuwa tegemeo la makadhi wa pwani ya Waswahili, walilifungua fundo kwa sharti moja fupi: mauzo ya aliyelazimishwa ni batili, isipokuwa awe amelazimishwa kwa haki. Aliyeshikiwa panga auze shamba hakuuza kitu. Aliyeamriwa na kadhi auze ili alipe deni lake ameuza, ijapokuwa analia. Tofauti yao ni kwamba huyu wa pili alikwisha kuitoa radhi yake siku alipozipokea fedha za watu na kuahidi kuzirejesha, na kadhi haumbi radhi mpya, bali amdai ile ya zamani. Aristotle aliligusa jambo hili kwa upande mwingine, alipomtaja nahodha anayetupa shehena baharini katika dhoruba: hakuna atupaye mali kwa kupenda, na hata hivyo mkono uliotupa ni mkono wake, na ataulizwa kwa aliyoyatenda. Juu ya kiasi cha ukali wenyewe maimamu walikhitilafiana, kwani Mashafii waliona nyumba ya mdaiwa huuzwa hata kama anaihitaji, na Imamu Ahmad akaona aachiwe nyumba impasayo. Lakini juu ya asili ya jambo hawakutofautiana sana.

Hoja hiyo yamtosha mdaiwa. Haimgusi mshirika wake.

Tuchukue hali ambayo katika Bunia haina ugeni wowote. Baba amefariki, ameacha mjane, watoto wanne na parseli moja yenye nyumba ya matofali na mwembe. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, nao huchukua robo tatu ya urithi. Mjane ana fungu lake pamoja na watu wa daraja la pili, na juu ya hayo ana haki ya kukaa na kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Vita vya 2002 na 2003 vilipopita viliwatawanya: mmoja yuko Kampala, mmoja Kisangani, wawili wamebaki. Mkubwa wao anataka mtaji wa kununulia bidhaa. Akiwa na bahati atakopeshwa na benki. Akikosa bahati ataangukia kwa wale wakopeshaji wa mtaani ambao Wakongo huwaita banki lamberi, ambao riba yao huhesabiwa kwa mwezi na haina huruma. Popote aendapo ataulizwa swali moja, iko wapi sertifika ya parseli.

Kongo iliingia katika jumuiya ya sheria za biashara iitwayo OHADA, na mkataba wake ukaanza kufanya kazi nchini tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya 1998 juu ya kukusanya madeni, ambayo mwaka wa 2023 ilibadilishwa kwa mpya, katika kifungu cha 249 ilisema jambo la busara: sehemu ya mtu katika nyumba iliyo ya shirika, isiyokwisha kugawanywa, haiuzwi kabla ya mgawanyo, ila wadai wa mshirika mmoja wana ruhusa ya kuutaka mgawanyo huo. Hii ni busara kwa kuwa robo ya nyumba haina mlango. Mnunuzi wa robo hununua ugomvi. Lakini tazama namna ulinzi huo ulivyo mwembamba. Mdai husimama mahali pa mdaiwa na kudai mali igawanywe. Nyumba ya vyumba vitatu haigawanyiki kwa wanne bila ya kuharibika. Kisichogawanyika huuzwa kizima, na kinachogawanywa ni thamani yake. Basi yule ambaye hakukopa, ambaye kifungu cha 249 kilimsimamia mlangoni, hutolewa kwa mlango wa uani, naye hana la kushika ila noti.

Nyuma ya utaratibu huo pana itikadi moja ya zamani, iliyoandikwa na Wafaransa katika kifungu cha 815 cha mkusanyo wa 1804, kuwa mtu asilazimishwe kubaki katika shirika asilolitaka. Ni itikadi ya uhuru, na sina haja ya kuidharau, kwa kuwa nimeona shirika za urithi zilizogeuka kuwa minyororo. Ila uhuru huu una tabia ya ajabu: mmoja hutoka, na waliobaki ndio wanaotolewa. Wanazuoni wa fikihi waliliona hilo, wakagawanyika. Wamaliki na Wahambali walimruhusu mshirika kumtaka mwenziwe wauze wote kitu kisichogawanyika, na akikataa hakimu awauzie; Mashafii hawakuona kuwa radhi ya kutoka ya mmoja yawa wajibu wa kutoka kwa mwingine. Mifano waliyoitoa ilikuwa hamamu ndogo na kinu cha kusagia, vitu ambavyo ukivikata viwili huna tena hamamu wala kinu. Njia ambayo Mashafii waliiacha wazi ni kuafikiana juu ya zamu: mwaka huu akae huyu, mwaka ujao yule, au wapangishe na kugawana kodi. Katika mji kama Bunia, ambao umejaa wapangaji tangu ukawa makao makuu ya jimbo la Ituri mwaka wa 2015, na ambao wakimbizi wa vita huuingia kila vijiji vya Djugu na Irumu vinapochomwa, kodi ya nyumba si njia ya kubeza. Yawezekana ikalipa deni polepole na nyumba ikasalia. Lakini aliyekopesha kwa riba ya mwezi hana polepole.

Utaniambia kwamba mara nyingi ndugu wote walitia saini, na hapo suala limekwisha; na kweli sheria ya OHADA ya dhamana, iliyorekebishwa mwaka wa 2010, yasema rehani iliyokubaliwa na washirika wote hubaki na nguvu yake hata mali ikigawanywa au ikiuzwa vipi. Mimi naona hapo ndipo suala linapoanza. Nani amewahi kuishuhudia saini hiyo ikitiwa? Kaka mkubwa amekuja jioni pamoja na ami yake, karatasi imo katika bahasha, kalamu imetolewa mfukoni. Mama ameketi kwenye mkeka. Mdogo, ambaye ada zake za shule zililipwa na kaka huyo, anaambiwa, wewe weka sahihi hapa, ni mambo ya karatasi tu. Naye akiuliza ni kiasi gani, ami atasema, siku hizi watoto wanawahoji wakubwa. Akatia saini. Amelazimishwa? Hakuna aliyemgusa. Ameridhia? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, aliandika juu ya mali inayotolewa kwa kuona haya mbele ya watu, akaifananisha na ile iliyonyang'anywa, kwa sababu haya huupiga moyo kama fimbo ipigavyo mgongo. Sijui fatwa iliyo nzito kuliko hiyo kwa jamaa za Kiafrika, ambazo heshima kwa mkubwa ndiyo katiba yao. Haikusudiwi kwamba heshima ivunjwe; lakini heshima ikitumiwa kupata saini, basi kilichopatikana ni alama ya wino, na jaji aijengeaye hukumu yake amejenga juu ya radhi isiyokuwapo. Kulazimisha kwa haki kunataka haki iwe imetangulia. Pasipokuwa na radhi ya mwanzo, hakuna ya kumdai mtu mwishoni.

Na katika Ituri jambo hili halikomi kwenye nyumba moja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 imeifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, isiyouzika wala kupotea kwa kupitiwa na muda. Raia hupewa haki ya kuikalia, na haki hiyo husimama kwa sertifika iliyosajiliwa. Ukiisoma bila ya kujua ni ya wapi, ungedhani imeandikwa na mtu aliyetoka kusoma kitabu cha Walawi, sura ya 25, ambapo Mungu awakataza Wana wa Israeli kuiuza nchi moja kwa moja kwa kuwa nchi ni yake na wao ni wageni wake. Tofauti ni kwamba Mungu wa Walawi aliweka mwaka wa yubile, wa 50, ambao mashamba hurejea kwa wenyewe, na sheria ya 1973 iliweka kinyume chake: sertifika ikikaa miaka miwili bila kupingwa huwa haipingiki tena. Wakulima wa Djugu waliujua ukali wa miaka hiyo miwili. Vita vilivyoanza huko mwaka wa 1999, ambavyo baadaye viliitwa vya Wahema na Walendu na kuua maelfu ya watu, cheche yake ilikuwa mipaka ya mashamba yenye hati, na hofu ya watu kwamba karatasi zimepatikana kwa siri ili wafukuzwe kwa amri ya mahakama. Nimesema cheche, kuni zilikuwa nyingi na wapulizaji walitoka mbali. Hata hivyo jaji wa Bunia anayetia saini amri ya kumtoa mtu nyumbani hawezi kujifanya haijui historia hii, kwani yule anayetolewa atauliza jina la mnunuzi, na kabla ya kuuliza bei atauliza kabila.

Sasa tuutazame mnada wenyewe, kama sheria ile ya 1998 ilivyouweka kabla haijabadilishwa. Mdaiwa hupewa onyo na siku 20. Asipolipa, nyumba hushikwa, masharti ya mauzo huandikwa na kuwekwa mahakamani, matangazo hubandikwa. Bei ya kuanzia haiwi chini ya robo ya thamani ya nyumba. Kisha, kwa utaratibu ulioandikwa katika sheria ile ya 1998, hutayarishwa mishumaa, kila mmoja wa kuwaka kiasi cha dakika moja. Mnada ukifunguliwa huwashwa mmoja baada ya mwingine, na nyumba haipewi mtu hata mishumaa mitatu izimike. Bei mpya ikitajwa, hungojwa hata mishumaa miwili izime pasi na mtu kuongeza. Nakiri kuwa utaratibu huu una uzuri wake. Mtu mwenye fedha hawezi kuliharakisha pigo la nyundo, na moto haupokei rushwa. Lakini wazia kijana wa Kampala, ambaye amepata habari kwa simu: mzee alimaliza umri wake akiijenga nyumba ile, chumba baada ya chumba, na thamani yake yaamuliwa kwa dakika tatu, ikianzia robo. Nawawi alimtaka kadhi auze kila kitu katika soko lake, kwa bei ya mfano wake, mbele ya mdaiwa na wadai wake. Robo ni ya kuanzia, wataniambia, si ya kumalizia. Katika mji ambao fedha ziko mikononi mwa wachache wanaojuana, kuanzia na kumalizia ni jirani.

Mnada ukiisha, sheria ile ya 1998 ilimpa kila mtu siku kumi za kuongeza bei kwa sehemu ya kumi, na mnada ukarudiwa. Kila mtu, haikumtenga mshirika na mgeni. Hapa ndipo ninapoona sheria za kale zilituzidi. Uislamu ulimpa mshirika shufaa, haki ya kumtangulia mgeni na kuitwaa sehemu inayouzwa kwa bei ile ile, ijapokuwa wanazuoni wenyewe walikhitilafiana juu ya kitu kidogo kisichogawanyika. Torati ilimpa jamaa wa karibu haki ya kukomboa. Na sijaona mfano wake unaowafaa watu wa Ituri kuliko ule wa Yeremia, sura ya 32: Yerusalemu umezungukwa na majeshi ya Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi, na binamu yake Hanameli anamjia amwambie, linunue shamba langu lililoko Anathothi, kwa maana haki ya ukombozi ni yako. Shamba limo mikononi mwa adui. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, hati ikatiwa katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Kwa hesabu ya soko alikuwa amepoteza fedha. Lakini hakununua faida. Alinunua ili fungu la jamaa lisiwe na mwenyewe wa kigeni, na ili watakaorudi wawe na pa kurudia. Wangapi Bunia, waliokimbilia Uganda wakaacha funguo kwa jirani, wasingeielewa sura hiyo?

Wataalamu wa fedha watasema kwamba ukimtanguliza mshirika, ukampa siku zake kabla ya mgeni kuitwa, mkopeshaji ataogopa, na mikopo itapanda bei au itakosekana. Si hoja ya kupuuzwa. Unguja iliionja: mwaka wa 1934 serikali ilipozuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wengine bila ya idhini, na kuyasimamisha madeni kwa muda, wakopeshaji wa Kihindi walilalamika kuwa dhamana zao zimegeuzwa karatasi tupu, na mambo yalikuwa yangali yakitafutiwa suluhu mwaka wa 1938. Kuyasimamisha madeni yote ni kumdhulumu mdai aliyetoa fedha zake kwa uaminifu. Mimi siombi kusimamisha. Naomba mambo mawili yenye gharama ndogo: jaji, kabla ya kuamuru, amwite kila mwenye fungu, aliye karibu na aliye mbali, na mjane asisahauliwe, amuulize mbali na ndugu zake ile saini aliitia akiyajua aliyoyatia, na nyumba ikiwa haina budi kuuzwa, zile siku kumi ziwe kwanza za washirika, kwa bei aliyoifikisha mgeni, mdai asipungukiwe hata senti. Ama mkopeshaji anayeogopa, ana dawa yake. Asiipokee nyumba ya watu wanne kwa karatasi iliyoletwa ofisini na mmoja. Aende akawaone waliomo, awasalimu, awaambie kwa kauli iliyo wazi ni kiasi gani na kwa riba gani, na ni lini wataweza kutolewa. Bunia haina kata isiyofikika kwa pikipiki kabla ya adhuhuri.